Mpangaji Akihama, Mwenye Nyumba Anadaiwa Nini?

Barua ya uhamisho haina subira. Mtumishi aliyehamishwa hupewa siku chache za kukabidhi ofisi, kufunga mizigo na kuripoti katika kituo kipya. Na ndani ya siku hizo chache ndimo huzuka ugomvi ambao haukuwapo katika miaka yote aliyokaa katika nyumba ya watu. Aghalabu ugomvi huo si wa kodi ya pango. Kodi alikwisha kuilipa, pengine ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima. Ni ugomvi wa dishi lililo juu ya paa, wa nyaya zilizotandazwa ukutani, wa uniti za umeme zilizobaki katika mita, na wa deni ambalo hakuna anayekumbuka lilianza lini.

Mfano wa mwalimu aliyepangiwa Mpale unatosha kulieleza jambo hili. Haumhusu mtu fulani, lakini kila mtumishi aliyewahi kuhama atauona kuwa ni wake. Mpale ni kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi hii, nyumba za Serikali hazitoshi, na mwalimu au muuguzi mgeni hana budi kupanga kwa mwanakijiji. Mpale imebahatika kuwa miongoni mwa vijiji vilivyopata umeme wa mtambo mdogo wa nguvu za jua, uliojengwa na kampuni ya Ensol, bila ya kungoja nguzo za gridi ya Taifa. Basi mwalimu huyo anakuta kijiji kina mwanga, lakini nyumba aliyoipata haina hata balbu moja.

Anamwomba mwenye nyumba ruhusa, na mzee anaitikia kwa kichwa. Mwalimu anamlipa fundi, anatandaza nyaya, anafunga swichi na taa, kisha ananunua dishi na king'amuzi. Antena ya zamani haimfai kitu, kwa kuwa matangazo ya televisheni ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na katika miji mingine, Tanga ikiwamo, mwaka uliofuata. Miaka mitatu inapita kwa amani. Siku anapohamishiwa Handeni, fundi anapanda juu ya paa kufungua dishi, na mwenye nyumba anatoka nje.

"Mwalimu, mwambie fundi wako ashuke. Kilichopigiliwa katika nyumba ni cha nyumba."

"Lakini mzee, risiti yake ninayo."

"Risiti ni ya dukani. Paa ni langu."

Kila mmoja ana neno lake la haki, na hiyo ndiyo sababu maneno hayo huweza kuendelea hadi magharibi huku gari la mizigo likingoja barabarani. Lililokosekana hapo ni jibu la swali ambalo watu wawili waungwana walipaswa kuulizana siku ya kwanza: katika vitu na huduma ambazo si za lazima kwa makazi, mwenye nyumba ana wajibu gani mpangaji wake anapohama?

Kwa miaka zaidi ya 20 uhusiano wa wenye nyumba na wapangaji ulikuwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango, Namba 17 ya 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Kilichobaki ni makubaliano ya watu wenyewe, pamoja na masharti ya Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999. Watu wengi hudhani kwamba bila ya karatasi iliyogongwa muhuri hakuna mkataba. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Ardhi inaukubali mkataba wa mdomo kwa pango la muda usiozidi mwaka mmoja, na maneno yaliyosemwa barazani mbele ya mjumbe yana nguvu yake, ilimradi yaweze kuthibitishwa. Taabu ya maneno ni hiyo ya kuthibitishwa.

Kifungu cha 88 cha Sheria hiyo kinamtwika mwenye nyumba mambo kadhaa hata kama mkataba haukuyataja. Amwache mpangaji akae kwa utulivu. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kwa makazi ya binadamu. Na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji na sehemu zinazotumiwa na wote zitunzwe katika hali njema. Katika orodha hiyo hamna televisheni. Hamna intaneti, wala hita ya maji ya kuogea, ingawa baridi ya mwezi wa Julai katika milima ya Usambara inaweza kumshawishi mtu kwamba hita ilisahauliwa kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo yafaa ieleweke wazi kwamba mwenye nyumba halazimiki kumwekea mpangaji starehe ambazo hakumwahidi, wala halazimiki kuzinunua zile ambazo mpangaji alijiwekea mwenyewe. Mpangaji anayehama huku akidai arudishiwe gharama za dishi kwa hoja kwamba ameipandisha nyumba hadhi hana pa kusimamia, isipokuwa kama walikubaliana hivyo tangu awali. Hili wapangaji wengi hawapendi kulisikia. Hata hivyo, kutolazimika kununua si sawa na kuruhusiwa kuzuia, na hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapopotoka.

Sheria ya Ardhi huhesabu kuwa sehemu ya ardhi majengo na vitu vilivyokazwa humo kwa kudumu. Neno lenye uzito ni hilo la kudumu. Mahakama za Uingereza, ambazo kanuni zake zilipokewa Tanganyika kwa kuhesabu tarehe 22 Julai 1920, zilikwisha kulipima jambo hili kwa maswali mawili: kitu kimeshikamana na nyumba kwa kiasi gani, na kiliwekwa kwa nia gani. Kitu kilichofungwa na mpangaji kwa ajili ya raha yake, na kinachoweza kung'olewa bila ya kuiumiza nyumba, ni chake kukichukua, ilimradi akichukue kabla muda wake wa upangaji haujakwisha na atengeneze alipoharibu. Kwa kipimo hicho dishi na king'amuzi ni vya mwalimu. Nyaya zilizozikwa ndani ya lipu zimekwisha kuwa nyumba, na anayezichimbua anabomoa ukuta wa mwenzake. Nyaya zilizopita juu ya ukuta kwa vibanio zinabishaniwa, lakini mtu mwenye busara huziacha, kwa sababu bei ya waya uliotumika ni ndogo na hatari ya ncha zilizoachwa wazi kwa watoto wa mpangaji ajaye ni kubwa.

Mzee naye ana hofu yake, na si hofu ya bure. Dishi likifunguliwa, bati hubaki na matundu manne. Mvua za masika zikianza, mpangaji mpya atakayelowa hatamtafuta mwalimu aliye Handeni. Atamgongea mzee mlango, na kifungu kile kile cha 88 kitamhukumu mzee, kwa kuwa paa ni lake. Mpangaji aliyetoboa bati ndiye anayepaswa kuyaziba matundu hayo kabla mizigo haijapakiwa. Kama angekuwa amelifunga dishi juu ya mlingoti uani, kama wafanyavyo mafundi waangalifu, ubishi wote huo usingekuwapo.

Upo upande mwingine, ambao huonekana zaidi mijini, Korogwe, Tanga na kwingineko. Mwenye nyumba hutangaza kwamba nyumba yake ina king'amuzi kilicholipiwa, intaneti na jenereta ya akiba, na kwa sababu hiyo hutoza kodi ya juu kuliko jirani yake. Mpangaji akitoa notisi ya kuhama, mambo huanza kubadilika. Wiki ya kwanza intaneti inakatika. Wiki ya pili jenereta inaharibika ghafla, nayo hupona siku mpangaji mpya anapokuja kuiona nyumba. Mwenye nyumba akiulizwa husema kwamba hizo si huduma za lazima. Ni kweli kwamba hakulazimika kuziweka. Lakini alipoziweka katika bei alikwisha kuziuza, na kitu kilichouzwa hutolewa hadi siku ya mwisho iliyolipiwa. Kumnyima mpangaji alicholipia ili achoke na aondoke mapema ni kuvunja ahadi ya kumwacha akae kwa utulivu.

Na je, ni nani mwenye uhakika siku hizi kwamba intaneti ni anasa? Mtumishi wa umma huomba likizo na uhamisho kwa mfumo wa kielektroniki wa ESS, na taarifa za utendaji wake wa kazi huzijaza katika PEPMIS. Mwalimu aliyekatiwa mtandao wiki mbili kabla ya kuhama huenda akashindwa kukamilisha kazi za ofisi yake mwenyewe. Mstari unaotenga lazima na anasa unasogea kila mwaka, nayo sheria hutembea nyuma yake polepole.

Jambo linalodai maelezo marefu zaidi ni umeme na kodi inayopita ndani yake. Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, yaani LUKU, ilipunguza sana ugomvi wa ankara, kwa kuwa hakuna tena mpangaji anayetoroka na deni la mwezi mzima. Lakini tangu Agosti 2021 Serikali hukusanya kodi ya majengo kwa njia ya mita hizo. Kiwango kilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 kikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Kodi hiyo ni deni la mwenye jengo. Mita, hata hivyo, haimjui mwenye jengo. Inamjua anayenunua umeme, naye mara nyingi ni mpangaji.

Nyumba ikikaa tupu miezi 6 baada ya mtumishi mmoja kuhama, kodi hiyo huendelea kujikusanya, na kufikia shilingi 9,000. Mpangaji mpya anafika, bado hajafungua hata sanduku la vyombo, anatuma shilingi 10,000 kwa simu ili apate mwanga wa kupikia chakula cha watoto, na kinachorudi ni uniti za kuhesabu kwa vidole. Amelipia miezi ambayo alikuwa akiishi wilaya nyingine. Wengi hunyamaza, kwa kuwa ni vigumu kwa mgeni kuanza ujirani kwa madai ya shilingi 9,000, na unyamavu huo ndio unaozoesha mzigo wa mtu mmoja kubebwa na mwingine. Mwenye nyumba mwadilifu ana njia rahisi: siku mpangaji anapohama, na kila mwezi nyumba inapokuwa tupu, anunue umeme kidogo ili kodi yake ilipwe na yeye. Na kwa mpangaji aliyekaa humo miezi 12, shilingi 18,000 zilizokatwa katika ununuzi wake zihesabiwe katika kodi ya pango. Kumbukumbu za ununuzi zimo katika simu yake. Hakuna anayehitaji kuapa.

Uniti zinazobaki katika mita ni jambo dogo zaidi, lakini limevunja urafiki mwingi. Mpangaji anayehama na kuacha uniti 40 hawezi kuzibeba katika gunia. Anayebaki nazo amepata mali iliyonunuliwa na mwenziwe, na muungwana huuliza bei yake. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu aliyeondoka alikuwa na friji na aliyebaki ana balbu moja, na hesabu za mchango hazikuandikwa popote. Humo hakuna sheria itakayosaidia kuliko daftari.

Lipo tena jambo ambalo watu hawalitilii maanani. Mpangaji huweza kukiacha nyuma kifaa cha intaneti chenye laini ya simu ndani yake, ama kwa kusahau, ama kwa kumwonea huruma mwenye nyumba na watoto wake. Laini hizo zilisajiliwa kwa alama za vidole katika zoezi lililoanza Mei 2019, na usajili ni wa mtu, si wa nyumba. Laini hiyo ikitumiwa kuwalaghai watu, jina litakalosomeka ni la mwalimu aliyekwisha kuondoka. Wajibu wa kuifunga ni wa mpangaji. Walakini mwenye nyumba anayeikuta, akaendelea kuitumia au akaikabidhi kwa mpangaji ajaye, anatumia kitambulisho cha mtu mwingine, na hawezi kujitetea kwamba aliikuta mezani.

Yote haya yangekuwa rahisi kuyasema kama wenye nyumba wangekuwa kabila la watu walio mbali, wenye kutazamwa kwa jicho la uadui. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na katazo hilo liliwagusa hata watumishi wa Serikali wa ngazi za kati na za juu. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Masharti ya uongozi yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo hali imegeuka kabisa. Leo mwalimu anayepanga Mpale huenda ana nyumba ya vyumba vinne huko kwao Muheza, naye amempangisha mwalimu mwenzake. Afisa anayelalamika kwamba amezuiwa dishi lake huenda mwezi huo huo amezuia la mtu mwingine. Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu watajikuta katika pande zote mbili za kesi, na huo ni mtihani mzuri wa haki: mtu ajiulize kama kanuni anayoidai kwa mwenye nyumba wake ndiyo anayoifuata kwa mpangaji wake.

Kwa kweli dawa yenyewe haina gharama. Siku mpangaji anapoingia, mwenye nyumba na yeye wazunguke nyumba pamoja, waandike katika karatasi mbili vitu vilivyomo, namba inayosomeka katika mita, na huduma ambazo zimo ndani ya kodi. Kila kitu kitakachoongezwa baadaye kiandikwe pembeni: kimewekwa na nani, na siku ya kuhama kitabaki au kitaondoka. Mjumbe wa shina au mwenyekiti wa kitongoji atie sahihi yake kama shahidi. Siku ya kuhama wazunguke tena na karatasi ile ile. Watumishi hufanya makabidhiano ya namna hii kila siku kazini. Mwalimu mkuu hakabidhi hata boksi la chaki bila ya orodha. Ni ajabu kwamba mtu huyo huyo hukabidhi nyumba aliyokaa miaka mitatu kwa kurusha ufunguo mikononi mwa mtoto wa jirani.

Wasiofanya hivyo wana njia ya mabaraza. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao wasiopungua 3 ni wanawake, lipo kwa ajili ya kupatanisha. Likishindwa, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika mambo ya ardhi bali husuluhisha, nalo limepewa siku 30. Baada ya hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoko Korogwe mjini. Mzee atateremka mlimani kwa siku aliyopangiwa, na mwalimu atapanda gari kutoka Handeni baada ya kuomba ruhusa kazini. Shauri likiahirishwa mara mbili tu, nauli za watu hao wawili pamoja na chakula cha njiani zitakuwa zimeipita bei ya dishi jipya, na dishi lenyewe bado liko juu ya paa.